Dubu wa Zambarau

Belo lilifika Amu siku ya Jumatano, ndani ya boti ya abiria kutoka Mokowe, likiwa limebanwa baina ya magunia ya vitunguu na mama mmoja aliyepakata kuku wawili. Punda akatubebea mpaka Langoni. Mamangu huuza mitumba barazani kwetu, nguo za watoto hasa. Lakini Maulidi yalikuwa yamekaribia, na wageni wa Maulidi huja na watoto, kwa hivyo safari hii tuliagiza belo la wanasesere kutoka Kongowea, Mombasa. Kilo 45 za tedi. Bei ilikuwa shilingi 16,500: nusu tulilipa papo hapo, nusu tuliahidi mwisho wa mwezi.

Aliyewahi kufungua belo anaijua ile dakika. Unakata kamba za plastiki, belo linavuta pumzi, vitu vinafura kama unga uliotiwa hamira. Letu lilitoa uvundo. Mahali fulani safarini maji yaliingia, na kama thuluthi ya wanasesere walikuwa wameota madoa meusi ya ukungu. Mama hakusema neno. Alivuta kigoda, akaketi, akaanza kutenga: huyu mzima, huyu wa kufuliwa, huyu wa kutupwa. Mtoto wa dadangu, mwenye miaka 6, akamsaidia kwa kuchimbua belo kama paka anayetafuta samaki. Ndiye aliyemtoa yule dubu.

Alikuwa mdogo, anatosha kiganjani na kuzidi kidogo. Rangi yake zambarau, kifuani ameshonwa waridi jeupe. Tumboni hakujazwa pamba tu bali chembechembe za plastiki, hivi kwamba ukimshika anakulegea mkononi kama kimfuko cha mchele.

"Huyu wangu," mtoto akasema.

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na simu mkononi na bando halijaisha, nikampiga picha dubu nikamtafuta. Jina lake likatokea mara moja: Princess, wa aina ya Beanie Babies, kampuni ya Ty ya Marekani, 1997. Tangazo la kwanza la mauzo liliandikwa maelfu ya dola. La pili, makumi ya maelfu. Nikasoma tena nikihesabu sifuri kwa kidole.

Nilimtoa yule dubu mkononi mwa mtoto polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Nikamwambia nitamrudishia. Nikampa sungura.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa na miaka 26, diploma ya Mombasa imekunjwa kabatini, na kazi yangu ilikuwa kukaa barazani na mamangu nikipunguza bei za suruali za watoto. Ukinipa kitu chenye sifuri nyingi kiasi kile, lazima nikisome mpaka alfajiri.

Nilichojifunza ni hiki. Kutathmini uadimu wa mwanasesere ni kazi ya kusoma lebo. Hawa Beanie Babies wana lebo mbili: moja ya moyo mwekundu inayoning'inia sikioni, na nyingine ya kitambaa iliyoshonwa matakoni. Lebo ya moyo ina vizazi. Ile ya mwanzo kabisa, ya 1993 na 1994, ni moyo mmoja mkavu usiofunguka. Baadaye ukaanza kufunguka kama kitabu. Baadaye tena, mwaka 1996, ikaongezwa nyota ya manjano. Mkusanyaji mzoefu akiona moyo kwa mbali anakutajia mwaka, kama wazee wetu wanavyoangalia tanga wakakwambia chombo cha nani.

Halafu kuna makosa ya kiwandani. Ndovu mmoja aitwaye Peanut alianza mwaka 1995 akiwa buluu iliyokoza, kisha kampuni ikambadilisha akawa buluu ya mbingu. Wale wa kwanza wakawa ndio wanaotafutwa. Mbwa mmoja, jina lake Spot, yaani Doa, alitoka kiwandani bila doa mgongoni. Wakamtia doa. Asiye na doa ndiye wa bei. Nilicheka peke yangu gizani: ulimwengu wenye watu wanaomtafuta Doa asiye na doa.

Halafu Princess mwenyewe. Alitolewa baada ya kifo cha Diana, yule binti mfalme wa Uingereza, mwaka 1997, na mapato yake yakapelekwa kwenye mfuko wa kumbukumbu yake. Mwanzoni maduka yalipewa wachache sana kila moja, watu wakapigania foleni. Hapo ndipo sifa yake ilipoanza. Hata leo watu hubishana: je, lebo ya matakoni imeandikwa Indonesia au China? Chembechembe za ndani ni za PVC au PE? Eti wa PVC walitangulia, kwa hivyo ni adimu zaidi. Nilimgeuza wangu chini ya taa ya simu. China. PE. Na sikioni hakuna moyo. Kilichobaki ni katundu kadogo ulipochomolewa.

Lakini hata angekuwa wa Indonesia, mwenye PVC na moyo wake mzima sikioni, hesabu isingekuwa ile niliyoidhania. Kwa sababu baada ya ule uchache wa mwanzo, kampuni ilimtengeneza kwa wingi wa ajabu. Yuko kila mahali. Na kuhusu bei: kwenye ile tovuti ya mnada kuna sehemu moja ndogo unayobonyeza ili kuona si zile bei watu wanazoomba, bali zile ambazo vitu vimeuzwa kweli. Nilibonyeza. Makumi ya maelfu yakayeyuka. Princess, mmoja baada ya mwingine, alikuwa ameuzwa kwa dola chache, zisizotosha hata kumtuma kwa posta kutoka Amu.

Kuomba ni bure. Hata mimi naweza kuandika kwamba sandali zangu ni milioni.

Nilipaswa kulala hapo, lakini nikaendelea kusoma, kwa sababu sasa nilitaka kujua ilikuwaje watu wazima waingie kwenye kitu hiki. Mwenye kampuni alikuwa mjanja. Hakuwauzia wenye maduka makubwa sana, aliwapelekea wenye vijiduka, wachache wachache. Kila baada ya muda alitangaza kwamba mnyama fulani amestaafu, hatatengenezwa tena, na watu wakakimbilia waliobaki. Mwaka 1999 akatangaza kwamba wote watakoma mwisho wa mwaka, akatoa na dubu mweusi aitwaye The End. Kisha akauliza umma ukapiga kura, na umma ukasema endelea. Mwaka huohuo kule Las Vegas mume na mke waliotalikiana walishindwa kugawana Beanie Babies wao, jaji akaamuru wamwagwe sakafuni mahakamani na kila mmoja achague mmoja mmoja kwa zamu. Picha ipo: watu wazima wawili wamechuchumaa mbele ya sheria ya Marekani wakichagua vijidubu.

Na hapo ndipo nilipolielewa kosa lao. Kila mtu aliyenunua aliwatunza. Aliwatia kwenye maboksi, akaikinga lebo kwa kigamba cha plastiki, akawakataza watoto wasiguse. Mamilioni ya watu wakatunza kitu kilekile wakisubiri kiadimike. Miaka ishirini baadaye maboksi yakafunguliwa yote kwa mpigo na kila mmoja akakuta jirani yake naye anacho. Wanasesere hawakuwahi kupotea, kwa hiyo hawakuwahi kuwa adimu. Wakaishia kwenye mifuko ya misaada, mifuko ikawa mabelo, mabelo yakavuka bahari, na mmoja wao akaangukia barazani kwetu Langoni akinuka ukungu.

Sasa, ningetaka kusema kwamba nilimrudisha dubu kwa mtoto asubuhi ile. Sikumrudisha. Nilimpiga picha nzuri juu ya leso na kumweka kwenye status: Princess, 1997. Sikuandika bei wala uongo. Nilijiambia ni utani.

Mnajua mji wetu na mambo ya status. Ilikuwa ni mwaka 2025, wakati kila mtu alikuwa na homa ya Labubu, yule zimwi mdogo mwenye masikio ya sungura na kicheko cha mwizi. Kazi ya msanii Kasing Lung, aliyemchora mwaka 2015, kisha kampuni ya Pop Mart ya China ikamfanya mwanasesere wa kuning'iniza mkobani, na Lisa wa BLACKPINK alipoonekana naye, dunia ikapagawa. Juni ile Labubu mmoja wa kimo cha mtu aliuzwa mnadani Beijing kwa zaidi ya yuan milioni moja. Huku kwetu wakafika wa bandia, wale ambao intaneti inawaita Lafufu, wa shilingi mia tano, mia tatu, wengine macho yametazamana.

Kwa kuwa nilikuwa nimesoma usiku mmoja, nikawa mtaalamu wa mtaa. Wasichana wananiletea Labubu zao barazani: "Dada, huyu wa kweli?" Nawafungua midomo. Labubu wa kweli ana meno 9. Nahesabu kama mnunuzi wa punda anavyohesabu meno ya punda kabla ya kutoa pesa. Kumi, feki. Nane, feki. Halafu wananiuliza kuhusu wa siri, yule asiyeonyeshwa kwenye boksi, ambaye nafasi ya kumpata ni 1 kwa 72. Nawaambia: huo uadimu umepigiwa hesabu kiwandani kabla hata mwanasesere hajashonwa. Mtu amekaa ofisini akaamua sabini na moja wakukate tamaa ili mmoja akupandishe mzuka. Wanacheka. Wanataka hata hivyo. Hata mimi nilitaka, sitadanganya.

Basi ndiyo picha yangu ya Princess ikasambazwa kutoka status hadi status, ikafika Nairobi.

Aliniandikia Ijumaa baada ya swala. Dada mmoja, sauti yake kwenye ujumbe wa sauti ni ya mtu mchangamfu aliyechoka. Aliijua Princess. Alikuwa ameona yale matangazo ya sifuri nyingi. "Nitakutumia elfu kumi na tano leo hii kwa M-Pesa," akasema, "ila usimpe mtu mwingine." Kisha akaongeza, bila mimi kuuliza, kwamba alikuwa akiweka akiba ya ploti, ploti imemshinda, na rafiki yake amemwambia vitu kama hivi ni akiba pia, unanunua mapema unakaa nacho. Ana mtoto wa kike. Anataka amwekee kitu.

15,000. Deni letu Kongowea lilikuwa 8,250.

Nilimwonyesha mama. Alisoma ujumbe mara mbili, simu ameiweka mbali na uso kwa sababu miwani ilikuwa ndani. "Umemwambia bei?"

"La."

"Umemwambia huyu ni wa thamani?"

"La, mama. Ameona mwenyewe."

"Basi amekuja kwa miguu yake. Biashara ni maelewano, mwanangu. Yeye ametaja, wewe umekubali. Wapi dhambi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitajibu baada ya kumpelekea nyanya chakula.

Nyanyangu anakaa Mkomani, kwenye nyumba ya mawe ambayo chokaa yake imeanza kujimenya. Ukiingia mpaka chumba cha ndani, ukuta mzima ni zidaka, safu kwa safu, vishubaka vya chokaa iliyochongwa. Zamani ndani ya zidaka viliwekwa vyombo: sahani za Kichina, mabakuli, chupa za marashi. Nilipokuwa mdogo nilidhani zidaka hujengwa hivyohivyo, vitupu, kwa ajili ya hewa. Nyanya anazo sahani mbili tu. Moja ina ufa ulioshonwa kwa waya.

Hadithi ya zile nyingine naijua, sote nyumbani tunaijua, lakini siku ile nilimwomba anisimulie tena. Alikuwa akiondoa miba kwenye samaki wake.

"Alikuya mtu," akaanza. Ilikuwa miaka ya sabini, babu yuko safarini. Mtu mstaarabu, Kiswahili chake kizuri, anazunguka nyumba kwa nyumba. "Nikamtandikia mkeka. Nikamtilia kahawa. Akazipindua moya moya, atazama mgongo wa sahani, airejesha. Atazama, airejesha. Kisha akaniambia, mama, hizi ni nyingi, kila nyumba zipo."

Sahani kumi na moja. Alimpa pesa ya gunia la mchele na kidogo cha juu. Nyanya aliona ameuza vizuri.

Nilikuwa nimeisikia hadithi ile mara nyingi, lakini ndio kwanza nikaona mkono wa yule mtu. Atazama mgongo wa sahani. Alikuwa akisoma lebo. Sahani za kiwandani nyingi zina muhuri chini, na pwani hii, pamoja na zile za Uchina, zilifika katika karne ya 19 shehena za vyombo vya viwanda vya Ulaya, nyingine kutoka Maastricht, Uholanzi, zenye maua yaliyopigwa chapa. Vyombo vya kawaida kabisa vilikotoka. Watu walivilia wali. Vikaanguka, vikavunjika, vikapikiwa shughuli za harusi, vikaazimwa visirudi. Na kwa sababu hakuna aliyevihifadhi kama mali, vilivyosalia vikawa mali.

Ndipo nikaelewa jambo ambalo usiku mzima wa kusoma haukunionyesha. Yule mtu hakusema uongo. Mwaka ule kila nyumba zilikuwapo. Ila yeye hakuwa akihesabu zilizopo, alikuwa akihesabu zitakazosalia. Wale wa Beanie Babies walihesabu kinyume, wakadhani kwamba kitu kikitangazwa kimekoma basi kimepungua. Kumbe ukitaka kujua kitu ni adimu kiasi gani, swali si vilitengenezwa vingapi. Swali ni vimevunjika vingapi, vimefuliwa mpaka vikaraaruka vingapi, watoto wamevizika mchangani vingapi. Kitu kinachotumika ndicho kinachoadimika.

Nikamuuliza nyanya kama bado anamkasirikia yule mtu.

Alifikiri. "Pesa si kitu," akasema. "Pesa ingekwisha zamani. Lakini mwanangu, alikuwa ajua. Amekaa hapo ulipokaa weye, anywa kahawa yangu, na ajua. Na mimi namwambia ongeza kashata."

Nilirudi Langoni kwa kupitia Usita wa Mui nikikwepa mikokoteni na punda. Njiani niliandika ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena. Ukawa mrefu kama barua. Nilimweleza yule dada yote: kwamba dubu huyu hana lebo ya moyo, kwamba walitengenezwa wengi mno, kwamba bei alizoziona ni za kuomba si za kuuza, na namna ya kubonyeza ili aone zilizouzwa kweli. Nikamwambia thamani yake kwangu ni shilingi 100, kama tedi wengine, na nikamtaka radhi kwa kuweka picha ile bila maelezo. Nikatuma kabla sijafika nyumbani, maana nilijua nikifika nitamwona mama na madubu yenye ukungu na nitabadili nia.

Alama mbili zikageuka buluu. Kimya kwa saa mbili.

Kisha: "Nimekuelewa dada. 20,000."

Alidhani nabana bei. Nilikaa barazani nikacheka mpaka mama akauliza nina nini, na nilipomwambia, yeye hakucheka. Nikatuma ujumbe wa sauti, nikaapa, wallahi dada, sibani, nakwambia ukweli. Akajibu kwa maandishi tu: kama sitaki kuuza niseme, nisimfanye mjinga. Kisha picha yake ya wasifu ikatoweka. Alikuwa amenizuia.

Siku chache baadaye rafiki alinitumia picha. Yule dada alikuwa amempata Princess wake kwa muuzaji mwingine, kwa 18,000, na amemwonyesha mtandaoni ndani ya kikasha cha kioo. Waridi lilelile. Zambarau ileile.

Sitaki kujifanya kwamba nilijisikia vizuri. Ukweli haukumsaidia yeye, na kwetu uliacha pengo. Tuliwafua wanasesere wenye ukungu kwa sabuni na siki, tukawaanika juu ya dari mpaka paa zima likawa kama mkutano wa wanyama. Wakati wa Maulidi tuliwatandika Mkunguni, mbele ya ngome, hamsini hamsini, na watoto wa Faza na Siyu na Kizingitini waliwachukua mikono miwili miwili. Hata hivyo mwisho wa mwezi ulifika tukiwa tumekusanya 5,000 na ushei. Mama aliweka rehani bangili moja kwa jirani. Mpaka leo ninapoandika, haijarudi mkononi mwake. Hajawahi kunilaumu kwa maneno. Lakini akiosha vyombo hupitisha kidole pale ilipokuwa, na mimi huwa natazama kando.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningeuza. Mama ana hoja: yule dada angepoteza pesa vilevile, na kweli alizipoteza, tofauti ni kwamba zilikwenda kwa mtu ambaye pengine hakukosa usingizi. Sina la kuipinga hoja hiyo isipokuwa ule mkeka wa nyanya. Mtu aliyekaa juu yake akijua ameshakufa sasa, nadhani, na sahani hizo ziko kwenye kabati la mtu fulani mbali, zimetunzwa vizuri. Lakini miaka hamsini baadaye bado tunamsimulia, na hatumsimulii kama mfanyabiashara hodari.

Dubu nilimrudishia mtoto. Aliniuliza, "Umemaliza naye?" kama vile niliazima mwiko. Tangu hapo ameogeshwa baharini mara kadhaa. Alipasuka kwapani, chembechembe zikamwagika barazani, kuku wa jirani wakazidonoa wakaziacha. Nyanya akamjaza sufi na kumshona kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa ya mtu asiyeona vizuri. Sasa mtoto akienda Mkomani humweka kwenye kidaka cha chini, jirani na ile sahani yenye ufa, na akiondoka humchukua. Kwa kanuni nilizojifunza usiku ule hafai hata senti: hana moyo, hana chembechembe, mshono si wa kiwanda. Kwa ile hesabu nyingine, yuko njiani. Kuna wenzake mamilioni kwenye maboksi, lakini wanaochezewa hivi si wengi, na huyu kwa mwendo anaokwenda hatavuka miaka miwili.

Wiki iliyopita simu ililia usiku. Namba niliyoisahau, picha ya wasifu imerudi. Hakunisalimia kwa urefu. Alikuwa amejaribu kuuza, ada ya shule ya mtoto imefika, na kila anayemuuliza anamwambia bei ya chai na mandazi. "Dada," akaandika, "yale uliyoniambia yalikuwa kweli?"

Nilitazama maandishi yale kwa muda. Kulikuwa na njia nyingi za kujibu, na kadhaa zingenifurahisha.

Nikamwandikia kwamba ndiyo, yalikuwa kweli, na pole. Kisha nikamwambia amtoe kwenye kile kikasha, amgeuze, asome lebo ya nyuma anitajie imeandikwa nini. Kama ni China na PE, nikamwambia, usihangaike zaidi kumtafutia mnunuzi. Mpe mtoto.

Akajibu baada ya dakika moja: "Ngoja nimpindue."